Ujumbe wa Saa Moja Asubuhi

Mteja akija kwangu kuhama mfumo wa simu, humwambia mambo matatu kabla sijaigusa simu yake. La kwanza, toa nakala mbili, moja ikae mtandaoni na nyingine ikae kwenye kitu unachoweza kukishika mkononi. La pili, simu ya zamani usiifute mpaka umekaa na mpya siku tatu, maana ulichokisahau hutakikumbuka siku ya kwanza. La tatu ndilo wasilolisikiliza: chukua karatasi, andika simu yako ya zamani ilikuwa inakufanyia nini bila wewe kuiambia. Picha zinahama. Majina yanahama. Mazoea hayahami. Sauti uliyoipandisha kwa sababu ya sikio bovu, jina la mtu mmoja anayeruhusiwa kuita hata simu ikiwa kimya, hivyo vyote hubaki kule, na simu mpya huja haijui lolote kuhusu wewe.

Nimewaambia hayo mamia ya watu, wengine kwa ukali, maana watu hawasikii mpaka uwakaripie. Baba yangu mzazi sikumwambia, na simu yake nilipoihamisha sikuandika karatasi yoyote. Mganga hajigangi.

Baba alikuwa fundi saa. Miaka arobaini na moja alikaa nyuma ya kioo cha duka na lenzi jichoni, akastaafu na saa saba za ukutani ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Zote ni za kutia ufunguo kila siku. Ukiziacha, siku ya pili hazifiki. Alizitundika sebuleni, na kila saa tatu usiku alizizungukia moja moja na ufunguo wake, ile kubwa ya kengele akiiacha ya mwisho. Saa za betri hakuzitaka ndani ya nyumba yake. Alisema mtu mwenye saa ya betri hana saa, ana mapambo.

Mama alipofariki, Baba alibaki peke yake katika ile nyumba ya ghorofani, nasi watoto watatu tuko miji mitatu. Mimi wa kwanza, niko mwendo wa saa tatu kwa basi. Anayenifuata ni mwalimu, na nyumbani tunamwita hivyo hivyo, Mwalimu. Kitindamimba wetu yuko nchi nyingine kabisa, anauguza wazee wa watu. Mwalimu ndiye aliyeleta sheria: kila siku, saa moja asubuhi isipite kabla Baba hajaandika kwenye kundi la familia. Neno moja tu, "Nipo."

"Yaani kila siku nijiandikie cheti kwamba sijafa," Baba alisema. Akaandika miezi miwili. Siku moja akasahau, Mwalimu akampigia jirani wa chini, na jirani akapanda juu ya kiti koridoni kule juu, nje ya dirisha la bafuni, akamkuta Baba ananyoa ndevu. Jirani huyo ni mshona nguo, tunamwita Mama Cherehani, na hana baya. Lakini Baba hakumsemesha wiki mbili. Alisema mzee akichunguliwa bafuni, heshima iliyobaki haijazi hata kisoda.

Mwezi wa tatu kioo cha simu yake kikaanza kufa, kikawa hakishiki vidole. Nikamnunulia nyingine yenye mfumo tofauti, nikakaa naye siku mbili kumfundisha. Alikasirikia kila kitufe kilichohamishwa. "Hawa waliokitoa kitufe cha kurudi nyuma walimuuliza nani?" Mimi nikacheka, nikaendelea kupanga, maana kupanga ndiko ninakokujua. Simu imkumbushe kuchaji saa tatu usiku, anapotia saa zake ufunguo. Itoe nakala yenyewe. Kila Jumapili ifute picha zinazojirudia na yale maua ya kutakiana siku njema. Iwe kimya usiku. Chaji ikishuka chini ya ishirini, iniarifu mimi. Ikishuka chini ya kumi, iniarifu tena.

Jioni ya siku ya pili akaniuliza, "Na hii haiwezi kuniandikia hiyo 'nipo' yenu?"

"Inaweza, Baba."

"Basi iandike. Mimi nimechoka kuripoti."

Ilinichukua dakika nne. Alinitazama nikibonyeza, mikono ameiweka magotini.

"Saa ukiacha kuitia ufunguo inasimama, mama," akasema. Baba huniita mama tangu nilipozaliwa, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Mtu akipita akaiona imesimama, anajua mwenye nyumba ana jambo. Hii yako haisimami. Siku nikiwa na jambo, nani atajua?"

"Ndiyo maana nimeweka arifa ya chaji. Usipochaji, naambiwa."

"Anaambiwa nani?"

"Mimi," nikasema.

Akaridhika. Alikuwa mtu wa kumwamini fundi.

Wenzangu hatukuwaambia. Mwanzoni ilikuwa utani wetu sisi wawili, halafu utani ukazoeleka. Ili wasishtuke kuona neno lile lile, niliandika sentensi saba, moja kwa kila siku ya wiki, na nikajitahidi zifanane na mdomo wake. Jumatatu: "Nipo. Nimelala kama gogo." Jumatano: "Nipo. Chai imekolea leo." Alhamisi: "Nipo. Magoti yamenipa likizo." Ijumaa: "Nipo. Fanyeni kazi zenu, mimi niko sawa." Wenzangu wakafurahi. Mwalimu akasema Baba amechangamka tangu apate simu mpya. Kitindamimba akawa anajibu kwa vikopa vyekundu. Sentensi saba zikazunguka wiki baada ya wiki, miezi minane, na hakuna hata mmoja wetu aliyegundua kwamba magoti ya Baba yanapata likizo kila Alhamisi. Wanasema njia ya muongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na lami juu.

Lililo baya zaidi ni hili, na nitalisema hapa hapa ili lisinisumbue mbele. Mimi niliyeziandika sentensi hizo, nilizisoma kila asubuhi na moyo ukatulia. Nilijua ni zangu. Lakini jina lililo juu ya ujumbe lilikuwa la Baba, picha yake na miwani yake, na saa moja asubuhi mtu hana akili ya kujibishana na picha. Nilisoma "Nipo", nikajibu kwa kopa, nikaoga, nikaenda kazini. Kumpigia kukapungua, kutoka kila siku hadi mara mbili kwa wiki, kisha Jumapili, kisha Jumapili ninayokumbuka.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Mbele yangu kaunta kulikuwa na mama mmoja na simu zake mbili, ya zamani na mpya, zimelazwa kichwa kwa kichwa, na mstari wa kuhamisha umefika asilimia sitini na mbili. Alikuwa analalamika kwamba simu yake inampigia kelele siku nzima, kila programu inataka kusalimiwa. Nikamwambia arifa hazifutwi ovyo, zinapangwa. Nikatoa yangu nimwoneshe. "Mimi vitu vyote vinavyojiendesha vyenyewe nimevitia kwenye sanduku la kimya," nikamwambia. "Nalifungua Ijumaa, siku ya kufagia duka." Nikalifungua.

Nakala imekamilika. Nakala imekamilika. Programu nne zimesasishwa. Simu ya Baba, chaji asilimia kumi na tisa, jana jioni. Simu ya Baba, chaji asilimia tisa, leo saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi.

Nilisoma mara mbili. Katika miezi minane arifa hiyo haikuwahi kuja hata mara moja, ndiyo maana nilipokuwa nikipanga lile sanduku niliiingiza humo bila kufikiri, pamoja na takataka nyingine. Baba kutochaji ni sawa na Baba kutotia saa zake ufunguo. Ili chaji ifike tisa, simu ilikuwa imekaa siku mbili nzima bila waya. Leo Alhamisi. Jana Jumatano chai imekolea. Asubuhi hii magoti yamepata likizo, na Mwalimu amejibu, "Shikamoo Baba. Hayo magoti yako yana chama cha wafanyakazi." Na mimi nimetuma kopa.

Nikapiga. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Hapo ndipo nilipokumbuka, mkono ukiwa bado na simu sikioni, kwamba simu yake ya zamani ilikuwa inajipokea yenyewe ikiita mara tano, na spika inajifungua, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vikikakamaa asubuhi. Niliiweka mimi, zamani, Mama akiwa hai. Kwenye simu mpya sikuiweka. Ingekuwa ile ya zamani, sasa hivi ningekuwa ndani ya nyumba ile kwa sauti. Ningesema, Baba, uko wapi, na popote alipo angenisikia.

Kwenye ramani ya familia, inayoonesha simu zetu zilipo, alama ya betri chini ya jina lake ilisoma sita. Nilipiga mara ya tatu, ikawa tano. Nikaacha. Kila nikiita namlia chaji, na ile chaji ndiyo kamba pekee niliyobaki nayo, ingawa sikujua itanivutia nini.

Nikampigia Mama Cherehani. Alipokea huku cherehani ikikimbia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Habari za huko?"

"Mama, nenda kamgongee Baba. Sasa hivi, tafadhali."

Cherehani ikanyamaza. Nikasikia ndala kwenye ngazi, pumzi, halafu kugonga. Aligonga, akaita, akagonga tena. "Haitiki. Atakuwa ametoka."

"Mlango umefungwa kwa nje?"

"Hapana, kufuli haipo. Ni komeo la ndani." Akagonga tena. "Labda yuko bafuni."

"Mama, mvunjie mlango."

"Nimvunjie mlango baba yako? Mwanangu, mimi siku ile nilimchungulia kwa sababu yenu, nikanuniwa wiki mbili. Na wewe mwenyewe si ulinionesha anavyowaandikia kila asubuhi? Leo hakuandika?"

Mama mwenye simu mbili alikuwa ananitazama. Mstari umefika sabini na moja. Ningeweza kusema uongo mwingine hapo, ulikuwa umeshanijia mdomoni, kwamba hapana, leo hakuandika. Lakini Mama Cherehani angempigia Mwalimu kuhakikisha, na Mwalimu angemwambia ameandika vizuri tu, na la magoti juu yake.

"Ameandika," nikasema. "Ila siyo yeye. Ni simu inayoandika yenyewe. Mimi ndiye niliyeipanga, tangu apate simu mpya. Hata akiwa amelala chini itaandika."

Nikasikia ndala zikirudi hatua moja kutoka mlangoni.

"Mama, nakuomba unijibu. Saa zake zinagonga juu ya dari yako kila lisaa. Mara ya mwisho kuzisikia ni lini?"

Alichukua muda. Ninaujua muda ule, ni wa mtu anayerudi nyuma kidogo kidogo akiogopa atakachokuta. "Jana sikuzisikia," akasema. "Niliona usingizi wa mchana umekuwa mtamu. Sikujiuliza kwa nini." Kisha akaita kwa nguvu dirishani, siyo mimi, akimwita seremala mwenye karakana pale uani aje na shoka.

Sikukata simu. Nilisikia shoka la kwanza na la pili. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kaunta, na jicho langu lilikuwa kwenye alama ya betri, nne, kama vile Baba ndiye aliyebaki na nne. Shoka la tatu, mbao ikapasuka. Hatua. Mama Cherehani alisema neno moja taratibu, "Zimesimama," nikajua ameingia sebuleni na anazitazama saa. Halafu akapiga kelele jikoni.

"Yuko hai?" nikauliza. "Mama. Yuko hai?"

"Anapumua," akasema. "Lete maji, wewe, lete maji na kitambaa. Anapumua, mwanangu. Njoo."

Nilimwambia mama wa simu mbili asiifute ya zamani. Sijui kwa nini ndilo lililonitoka. Nikatoka nje na kumwacha ndani ya duka langu na simu za watu thelathini kwenye droo.

Njiani niliwaandikia wenzangu kwamba Baba ameanguka na anapelekwa hospitali. Wakauliza lini. Nikaandika, "Juzi jioni." Mwalimu akauliza, "Juzi vipi, na leo ameandika?" Nikazima skrini. Nilijiambia nitawaeleza nikishamwona. Akili nyingi huondoa maarifa, na mimi zangu zilikuwa zimeondoa hata ujasiri.

Nilimkuta wodini saa tisa alasiri, bomba la dripu mkononi, midomo imepasuka, na upande mmoja wa uso una alama ya vigae vya jikoni. Alikuwa amechemsha maji ya chai Jumanne jioni, mguu ukateleza, nyonga ikavunjika. Simu ilikuwa chumbani, juu ya rafu. Kati ya jikoni na chumba hicho kuna hatua kumi na nne, nimezihesabu baadaye. Alijivuta mpaka kwenye mguu wa meza akashindwa kuendelea. Maji aliyokunywa ni yale yaliyomwagika kutoka kwenye sufuria, mpaka yalipokauka.

Daktari aliniita kando. Mwanamke mfupi, macho yamechoka, hakunizungusha. "Nyonga peke yake tungeipanga. Lakini figo zimekaa karibu siku mbili bila maji, na kifua kimeanza kujaa kwa kulala sakafuni. Kama ana watoto wengine, wasichelewe."

Hilo nililiandika kwenye kundi neno kwa neno. Mwalimu akajibu kwamba atapanda basi la kesho adhuhuri. Kitindamimba akapata ndege ya kesho mchana. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Mama Cherehani alikuwa ameleta mfuko wa nguo, miwani, na simu ya Baba iliyokwisha chaji. Muuguzi alitaka kujua dawa zake za presha, na picha ya cheti ilikuwa humo, kwa hiyo nikaichomeka ukutani, nikaiwasha, nikamsomea muuguzi majina ya dawa, nikaiacha kwenye waya juu ya kabati dogo.

Jioni ile Baba alizungumza.

"Niliisikia," akasema. Sauti ilikuwa inakwaruza. "Saa moja. Ikalia, ting. Nikajua imeshawaambia nipo."

"Baba, pumzika."

"Halafu zenu zikaingia. Moja. Mbili. Tatu." Aliinua vidole kutoka kwenye shuka, kimoja kimoja. "Nikasema, wote watatu wamejibu. Basi leo hawaji. Nikasubiri kesho yake. Ikalia tena. Moja, mbili, tatu." Akameza mate kwa taabu. "Niliita. Sasa nimwite nani, na wote mnajua mimi mzima?"

Nilitaka anitukane. Baba alikuwa na matusi mazuri ya ufundi, alikuwa anamwita mtu springi iliyolegea, mshale wa akrabu usio na saa. Hakunitukana. Alinitazama tu kama mteja aliyelipa, akaenda zake, na kifaa kikamfia njiani.

"Nilikwambia mimi nitajua," nikasema.

"Ulisema." Akafumba macho. "Na mimi ndiye niliyekuomba, mama. Usibebe peke yako." Kisha akalala, na pumzi yake ikawa na maji ndani.

Asubuhi kulipokucha nilikuwa bado nimekaa. Wafagiaji walikuwa wameanza upande wa mlango, wanasukuma ndoo kwa miguu. Baba alikuwa macho, anatazama dari. Juu ya kabati simu yake ikalia, ting.

"Hiyo hapo," Baba akasema. "Imeamka kabla yangu."

Nilikuwa nimesahau. Fundi mzima, nimeiwasha kwa mkono wangu, nimeichaji ikajaa, na sikuizuia. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa nikiwa najua tayari ni Ijumaa na Ijumaa inasema nini.

"Nipo. Fanyeni kazi zenu, mimi niko sawa."

Mwalimu hakukawia hata dakika. "Mungu mkubwa. Baba ameamka na anaandika mwenyewe." Kitindamimba akaweka vikopa mstari mzima, akafuatisha ujumbe wa sauti, mtu anayelia huku anacheka, nilimsikiliza simu ikiwa sikioni. Alisema hajalala, alisema anashukuru, alisema kama Baba mwenyewe amesema yuko sawa basi ataahirisha ndege mpaka mwisho wa mwezi, apate likizo kamili akae naye vizuri. Mwalimu akaandika kwamba na yeye atamaliza mitihani ya wanafunzi kwanza, atakuja Jumatano. "Baba ni chuma," akaandika.

Mwisho wa mwezi ulikuwa siku kumi na tisa mbele. Daktari alikuwa amepita alfajiri, amesikiliza kifua, akanigusa bega.

Nikachukua simu ya Baba, nikaingia kwenye mipangilio, nikaufuta ule mpango na sentensi zake zote saba. Simu ikaniuliza kama nina uhakika, maana hautarudishwa. Halafu nikachukua yangu nikaandika. Nilifuta mara tatu. Ya nne nikaituma: "Huo ujumbe siyo wake. Hajaandika kitu. Ni simu inatuma yenyewe, na maneno ni yangu. Tangu apate simu mpya, kila asubuhi, yote yalikuwa yangu. Alikuwa sakafuni siku mbili na simu ikatuambia yuko sawa. Msiahirishe."

Alama zikaonesha wamesoma. Wafagiaji walimaliza safu mbili za vitanda. Nilisubiri matusi, nilikuwa nimeyafungulia mlango. Mwalimu akaandika kwanza: "Yote?" Nikajibu, "Yote." Akaandika, "Na ile aliyosema amemwota Mama?" Hiyo ilikuwa ya Jumapili. Nikajibu, "Na hiyo."

Halafu Kitindamimba, bila kopa: "Dada, sasa tutajuaje lipi ni lake? Hata hili la daktari, nitajuaje?"

Ningempigia, lakini sauti yangu ndiyo hiyo hiyo ya muongo. Ningempa daktari simu, lakini daktari alikuwa ameingia chumba cha upasuaji. Nilikaa na simu mbili mapajani kama yule mama wa kaunta.

"Wanasemaje?" Baba akauliza.

Nikamsomea. Sikuruka neno. Niliposoma lile la kumwota Mama alipindisha mdomo, nusu ya tabasamu. "Hata mimi lilinifurahisha lile," akasema. Kisha akanyoosha mkono usio na bomba. "Nipe."

"Utachoka, Baba. Niambie nikuandikie."

Hakurudisha mkono. Nikampa.

Nilimvalisha miwani puani. Simu niliishika kwa chini kwa sababu mkono wake haukuweza kubeba uzito na kuandika pamoja, nikageuza uso dirishani ili nisione. Nilisikia kidole chake kikigusa kioo. Kikitulia. Kikigusa tena. Alikosea, akafuta, akapumua kwanza, akaanza upya, jinsi alivyokuwa akirudia skrubu ndogo iliyomponyoka mezani, bila haraka, bila kulaani. Ndoo ya wafagiaji ilikuwa imefika kitanda cha jirani. Nikawaza kwamba ataandika "Nipo", na kwamba hawataamini, kwa kuwa neno hilo nilikuwa nimelitumia mpaka nikaliua.

Ting.

Simu yangu ikatetemeka. Nikaitoa, nikasoma chini ya picha yake, chini ya miwani yake, neno moja ambalo miezi yote minane halikunijia kumwandikia hata siku moja, kwa kuwa sentensi zangu zote saba, nikizitazama sasa, zilikuwa za kutuambia tusihangaike kwenda.

"Njooni."

Kitindamimba akajibu kabla sijamaliza kupumua: "Nakuja." Mwalimu alipiga, na nilimsikia yuko barabarani tayari, anahema, anauliza basi la kwanza linatokea upande gani.

Baba alikuwa ameirudisha simu juu ya shuka na kufumba macho. Nilikuwa nimekaa kando yake, goti langu linagusa chuma cha kitanda, na bado nilipolisoma lile neno nilihisi ameniita mimi.